Kurasa tatu ambazo Dk. Odilia anatamani kuzirudisha

Saa tatu asubuhi, Kasulu bado haijavua sweta. Katika chumba cha nyuma cha ofisi moja ya umma mjini hapa, mwanamke wa makamo ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo, maboksi matatu ya majalada miguuni, chupa ya chai pembeni. Anachukua jalada, analigeuza, na kuanza kulisoma kutoka ukurasa wa mwisho.

"Nyuma ndiko wanakobana viambatisho," anasema bila kuinua macho. "Zamani nilikuwa naanza mbele kama watu wengine."

Huyu ndiye Dk. Odilia Tharsisi, mhadhiri wa sheria mwenye umri wa miaka 51. Kwa miaka 19 amefundisha sheria ya uchaguzi katika chuo kikuu kimoja nchini, somo ambalo wanafunzi hulikimbia mpaka mwaka wa uchaguzi ufike, kisha wote huwa wataalamu.

Leo ameshapekua majalada kumi na manne ya pingamizi za wagombea wa vijiji na vitongoji. Anatafuta karatasi aliyoiandika mwenyewe. Kila akifika ukurasa wa mwanzo bila kuiona, anashusha pumzi na kunywa chai kidogo.

Dk. Odilia alizaliwa Kitahana, wilayani Kibondo, kwa wazazi waliolima maharage na muhogo. Alisoma kwa shida za kawaida za watoto wa huku: shule ya mbali, sare moja, ada iliyosubiri mavuno. Shahada ya uzamivu ilimchukua miaka saba. Wenzake waliandika kuhusu Bunge na katiba za nchi kubwa. Yeye aliandika kuhusu mwenyekiti wa kitongoji.

"Walinicheka," anakumbuka. "Mmoja aliniuliza kama nategemea uprofesa kwa kesi za watu wanaogombea kusuluhisha ugomvi wa mbuzi. Nikamwambia, mtu wa kijijini hakutani na Bunge. Akitaka barua, akitaka kujulikana kwamba yupo, anaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Miaka minne iliyopita alichapisha makala ya kurasa 38 kuhusu jambo linalowasumbua watu wa nyanda hizi kila uchaguzi: mgombea kuwekewa pingamizi kwamba si raia, eti kwa sababu jina lake linafanana na majina ya Burundi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Waha wa huku na majirani zao wa ng'ambo ya mpaka wana lugha zinazokaribiana na desturi moja ya majina. Kila mtoto hupewa la kwake kwa namna alivyozaliwa au kwa yale ambayo wazazi walikuwa wanapitia. Kwa hiyo jina haliwezi kuthibitisha uraia wa mtu.

Ili kuonyesha hivyo, mwishoni aliweka Kiambatisho C, cha kurasa tatu. Kilikuwa orodha ya majina 41 yanayopatikana pande zote mbili za mpaka.

Mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, aliombwa kutoa mada mjini Kasulu kwa watu 60 ambao wangesimamia uchaguzi katika kata mbalimbali. Ilikuwa mchana, chakula kimeshafika mlangoni, na mashine ya fotokopi ilikuwa inatoa karatasi moja nyeusi na moja nyeupe. Kurasa 38 kwa watu 60 zisingewezekana. Dk. Odilia akaamua kurudufu kiambatisho peke yake.

"Nilieleza hoja kwa mdomo, dakika ishirini, watu wananusa pilau," anasema. "Kisha kila mtu akaondoka na zile kurasa tatu. Bwana mmoja alinishika mkono akaniambia, 'Dokta, leo umetupa kitu cha kufanyia kazi.' Nilifurahi. Msomi akiambiwa kazi yake inatumika anataka nini tena?"

Anasogeza chupa ya chai. "Sikuwaza kwamba maneno yangu yangebaki ukumbini, na karatasi ingeondoka peke yake."

Mwaka mmoja baadaye alirudi kukusanya takwimu za utafiti mpya. Ndani ya jalada la pingamizi kutoka kata moja, ambayo tumeombwa tusiitaje, alikuta karatasi imebanwa kwa pini nyuma ya fomu. Juu iliandikwa "Kiambatisho C". Jina moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu.

"Nilitambua maandishi kabla sijasoma. Mtu humtambua mwanawe hata kwa mgongo," anasema.

Kati ya fomu 63 alizopitia mwaka huo, saba zilikuwa na kurasa zake. Wagombea watano kati ya hao saba walienguliwa. Orodha aliyoitunga kuonyesha kwamba jina si ushahidi ilikuwa imegeuzwa kuwa ushahidi, na walioitumia hawakuwahi kuona kurasa 35 zilizoitangulia.

Jina lililozungushiwa wino katika jalada lile lilikuwa Niyibizi.

*

Niyibizi ana umri wa miaka 47. Anaishi nje ya mji, upande wa kuelekea Kagerankanda, mwendo wa pikipiki wa zaidi ya saa moja kwa barabara ya vumbi jekundu. Ni mkulima, mjane, na mama wa watoto wanne. Aligombea uenyekiti wa kitongoji kwa sababu pampu ya kisima ilikuwa imekufa miaka miwili na hakuna aliyekuwa akiifuatilia.

Pingamizi liliwekwa na mpinzani wake. Niyibizi aliambiwa athibitishe kwamba baba yake, aliyefariki zamani, alizaliwa upande huu. Muda wa kukata rufani ulikwisha akiwa bado anazunguka vijijini kutafuta mzee anayemkumbuka marehemu. Mpinzani wake akapita, na ndiye mwenyekiti hadi leo.

Kukosa cheo ni jambo ambalo angeweza kulizoea. Ila mwaka jana binti yake mkubwa, Recho, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, na ombi la kitambulisho lilihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akakataa kuiandika. Hoja yake: akisema leo kwamba Recho ni raia, watu watamuuliza kwa nini alimpinga mama yake.

Recho, mwenye miaka 20, alikosa muhula ule. Udahili wa muhula mwingine unafungwa mwisho wa mwezi huu. Kwa sasa anapiga chapati barabarani, na hata laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina la jirani.

Hii ni mara ya nne Dk. Odilia anakuja hapa. Mara ya kwanza hakukaribishwa kiti. Mara ya pili alipewa maji. Mara ya tatu alitaja neno "msamaha" mapema mno, akaambiwa aende zake.

Leo Niyibizi anapepeta maharage uani. Anaitikia salamu, "Mwakeye," kisha anaendelea na ungo wake. Dk. Odilia anakaa kwenye kinu kilicholazwa na kutoa bahasha mkobani. Ndani kuna hati ya kiapo inayoeleza kwamba orodha ni yake, ilitumika kinyume na alichokiandika, na haithibitishi uraia wa mtu yeyote. Anataka aipeleke inakohusika pamoja na maelezo ya Niyibizi.

"Mama Recho, nakuomba uisome tu. Ukikubali, unaweka sahihi hapa chini."

Niyibizi haiangalii. "Karatasi yako ya kwanza ndiyo iliyoniua. Sasa umeniletea ya pili?"

"Hii ni ya kurekebisha."

"Oya, mwalimu," anakataa kwa Kiha. "Ile nayo ulisema ni ya kutusaidia."

Dk. Odilia anainamisha kichwa. Kuku wanapita katikati yao wakiokota maharage, na hakuna anayewafukuza.

Hatimaye Niyibizi anaweka ungo chini, anaingia ndani, na kutoka na mfuko wa plastiki anaohifadhia kadi za kliniki. Anatoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imelegea. Ni nakala ya zile kurasa tatu.

"Hii nimeisoma kuliko Biblia," anasema. "Nilikuwa natafuta kosa langu. Jina langu liko hapa, sawa. La jirani yangu liko. Chiza yupo, Minani yupo. Bukuru yupo." Anainua macho. "Butoyi yuko wapi?"

Kwa msomaji asiye wa huku: Waha wakijaliwa mapacha, wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Majina hayo mawili huenda pamoja kama buti za jozi moja. Hakuna mtu wa Kasulu au Kibondo anayeweza kulikumbuka moja akalisahau lingine.

"Mapacha gani hao, mwalimu, waliozaliwa mmoja?"

Dk. Odilia anavua miwani, anaifuta kwa kona ya kitenge. Kisha anasema kwa Kiha, halafu anarudia kwa Kiswahili ili mwandishi aelewe: "Butoyi ni mimi."

Ana kaka pacha, Kasian, ambaye bado analima Kitahana na anayeitwa Bukuru na kila mtu. Odilia ni jina la ubatizo. Nyumbani, mpaka alipokwenda sekondari, hakuwa na jina lingine ila Butoyi.

"Mwaka nilioandika makala nilikuwa naomba kupandishwa cheo," anaeleza, sauti imemshuka. "Nilipofika kwenye hilo jina, mkono ulisita. Nikawaza, mtu akija kulifuatilia? Nikajiambia arobaini na moja yanatosha. Kasian alipoiona orodha alicheka tu, akasema, 'Mimi umeniweka, wewe umejitoa.' Nikacheka na mimi."

Anaiangalia ile karatasi iliyolegea magotini mwa mwenzake.

"Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema sikujua kwamba ile orodha inaweza kumwumiza mtu. Nilijua. Kama niliogopa jina langu liwemo, basi nilijua. Niliyaacha ya wengine."

Niyibizi anaokota punje moja ya maharage iliyooza, anaitupa. Anapoongea, hamwiti tena mwalimu.

"Butoyi, sikiliza. Hiyo hati yako mwenyekiti ataisoma peke yake, ataikunja, ataiweka mfukoni. Jumamosi kuna mkutano wa kitongoji. Uliponiharibia, nilisomewa pingamizi mbele ya watu. Na wewe uje useme mbele ya watu, kwa mdomo, kwa Kiha. Mwenyekiti amesema barua ataandika siku mwenye orodha atakaposema mwenyewe. Alidhani hutakuja."

"Nitakuja."

"Wote waliokuja na karatasi walisema watakuja."

Recho, aliyerudi kuchukua unga, amesimama mlangoni akisikiliza. Mwandishi anapomuuliza anafikiri nini, anainua bega. "Mimi sina hasira na Dokta. Nataka barua tu. Nikiipata kabla ya mwisho wa mwezi, fresh. Nisipoipata, sijui nitasubiri mpaka lini."

*

Njiani kurudi mjini, Dk. Odilia anaomba pikipiki isimame ili anyooshe miguu. Ana mengi ya kupoteza na anayajua. Makala ile ndiyo inayonukuliwa zaidi kati ya kazi zake zote, na jina lake liko tena mbele ya jopo la uprofesa. Ameshaandikia jarida akiomba kiambatisho kiondolewe. Hajajibiwa.

Mwenzake wa idara, Nathaniel, alimshauri anyamaze. Alimwambia hakuvunja sheria yoyote.

"Ni kweli sikuvunja," anasema. "Najua, kwa sababu ndiyo ninayoifundisha. Nina wanafunzi zaidi ya mia mbili ambao nimewafundisha kuuliza kama sheria imevunjwa. Hakuna hata mmoja niliyemfundisha kuuliza nani ameumia. Hilo linaniuma, na siwezi kuwarudisha darasani."

Anasema akistaafu angependa kuandika kitabu chembamba cha Kiswahili kuhusu pingamizi, ambacho mgombea wa kitongoji anaweza kukisoma kwa jioni mbili, kisicho na kiambatisho. Kabla ya hapo kuna wagombea wanne wengine walioenguliwa. Wawili amewapata. Wa tatu amehamia Manyovu na hapokei simu yake; wa nne bado anamtafuta.

Niyibizi hajakanyaga mkutano wa kitongoji tangu siku aliyosomewa pingamizi. Tulipomuuliza kabla ya kuondoka kama Jumamosi atahudhuria, alijibu akiwa ameshageukia ungo wake: "Nitakuja, na nitakaa mbele."

Dk. Odilia amehutubia mikutano ya wanasheria katika nchi sita. Kwa mkutano huu wa watu pengine themanini, hajalala vizuri siku mbili. Kiha chake kimechakaa kwa kukaa mjini, kwa hiyo kila asubuhi humpigia Kasian simu na kujaribu maneno. Kasian humsahihisha, wakati mwingine kwa kumcheka.

Sentensi mbili za kwanza ameshazipata. Anazisema taratibu kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili, pale kando ya barabara, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea:

"Mimi ni Butoyi wa Kitahana. Niliwaandika ninyi, nikajiacha mimi."

Baada ya hapo, anasema, hajui atasema nini.