Blanketi za Mama Mkwe

Shangazi yangu alijua kila kitu, na kama kulikuwa na kitu asichokijua, basi kitu hicho ndicho kilichokosea. Ndiyo maana mwishoni mwa 2007 alikabidhiwa msafara wa kupeleka mahari ya kaka yangu, kutoka kwetu Salgaa hadi Ndabibi. Blanketi mbili za mama mkwe alizipakata mwenyewe, zikiwa bado ndani ya nailoni.

Hatukufika mbali. Kaka alikuwa akikaza kamba nyuma ya pikapu, lori likarudi kinyumenyume na kumbana paja. Damu ilimwagika. Shangazi akaitisha ndoo ya maji baridi akammwagia, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotuzuia sote damu ya pua utotoni. Akaongeza ndoo ya pili, tusije tukamwona mchoyo.

Hospitalini Nakuru damu ilikuwa bado ikichuruzika, nyepesi, haitaki kuganda. Daktari alitueleza taratibu kwamba mtu akiumia vibaya, mwili hutumia akiba yake ya kugandisha damu mpaka ikapungua. Na akipata baridi, hata kile kilichobaki hakifanyi kazi sawasawa. Kaka alikuwa amepoa hadi midomo. Daktari akauliza ni nani aliyemlowesha. Tukamtazama shangazi, shangazi akatazama dari. Niliogopa sana kumpoteza kaka, lakini nakiri hapo nilifurahi kidogo.

"Damu tunamwekea," daktari alisema, "lakini lazima apate joto. Mko na kitu kikavu?"

Shangazi aliirarua nailoni kwa meno.

Kaka alipona. Fujo za baada ya uchaguzi zilipotulia mwaka mpya, tulienda Ndabibi, yeye akiegemea fimbo. Tulimsihi shangazi anunue blanketi nyingine, akakataa: zawadi ikishatajwa kwa wakwe haibadilishwi. Alikuwa amezifua mara nyingi na kuzikunja kwa ujanja. Mama mkwe akaikunjua ya juu, akakutana na doa.

"Hiyo ni damu ya huyu kijana," shangazi akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akikiri kosa kabla ya siku hiyo. "Mimi ndio nilimwagia yeye maji baridi. Karibu nimuue."

Mama mkwe aliivuta ile blanketi, akajifunika magoti.

"Hii nimepokea," alisema. "Hiyo ingine mrudi nayo, mfunike yeye. Huko Salgaa kuna baridi."