Siri ya Mahari ya Dada Niliitoa Mimi

Admin, nifiche jina, maana nikijulikana huku Kisii sina pa kupita. Mimi ni mama wa miaka 34, na nimemkosea dada yangu wa tumbo moja.

Uchaguzi uliopita dada aliwania kiti cha MCA, yaani udiwani wa kaunti, kule alikoolewa, upande wa Mosocho. Watu walimpenda. Wakati huo mimi nilipata kibarua kwa mshauri wa siasa kutoka Nairobi, kijana mpole, suti safi. Alisema ni utafiti tu, nimtafsirie Ekegusii sokoni. Sikuuliza anamfanyia nani kazi, mjinga mimi! Siku moja tukila akaniuliza, "Madam, mwanamke akisimama huku, nini kinaweza kumwangusha?" Nikajifanya mjuaji. Nikamwambia mwanamke ambaye mahari haijatolewa haheshimiwi, hata akifa mazishi yanasimama mpaka ng'ombe zilipwe. Nikaongeza siri ya familia, "Hata dada yangu, shemeji hajatoa hata ndama." Akacheka, nikacheka. Akaandika.

Wiki mbili baadaye swali moja lilikuwa mdomoni mwa kila mtu wa boda boda: "Huyo mama akifa tutamzika wapi?" Kumbe kijana alikuwa wa mpinzani! Hawakuongea barabara wala dawa za hospitali, ni hilo swali tu, matangani, kwa simu, hadi nje ya kanisa. Dada alianguka vibaya. Shemeji alishindwa na aibu, akahama. Sasa dada yuko kwa mama yetu na watoto watatu. Na yule mshauri juzi amenipigia, ati nina kipaji, tufanye kazi tena. Nilikata simu nikalia.

Kinachoniua ni kwamba dada anaamini mama mkwe wake ndiye aliyetoa siri. Mama wa watu hajasema neno! Jumapili hii wazee wa pande zote mbili wanakutana, na mama mkwe huyo ameitwa aje aape kwamba si yeye. Huku kiapo si mchezo, watu wanaamini kinamaliza ukoo. Tangu asikie hali chakula.

Jana dada alinishika mkono akasema, "Nimebaki na wewe tu. Uje uwe shahidi wangu." Nikaitikia, jamani, nikaitikia! Nikisema ukweli nampoteza dada, na kura hazirudi, wala ndoa. Nikinyamaza, mama mzee anabeba dhambi yangu hadi kaburini.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni shauri. Jumapili wazee wakiniambia nisimame, niseme nini?