Tope Ndani ya Kitasa

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisi ya bima mjini Kericho nikiwa nimevaa suti nzito niliyoinunua Uingereza, na diploma yangu nimeikumbatia ndani ya fremu yake ya kioo. Ulikuwa mwaka wa 1992. Nilizaliwa Boito, nikachuma chai ya watu ili nijilipie karo, nikavuka ng'ambo bila mfadhili wala mjomba serikalini. Huko nilifagia maofisi ya watu ili nipate ada ya kusomea bima. Wengi walienda wakabaki huko huko. Mimi nilirudi, tena na karatasi mkononi. Mtu akisema najisifu, na aseme. Kazi niliifanya mwenyewe, sifa nimwachie nani?

Meneja wa Tawi, mtu mnene aliyefunga miwani yake kwa kamba, aliitazama diploma, akaitazama suti, kisha akashusha macho hadi kwenye viatu vyangu vinavyong'aa.

"Hiyo itundike ukutani, Bwana Diploma," akasema. "Nyumba za wateja hazitatembea kuja kukuona hapa. Gambuti za kukanyagia matope ziko nyuma ya mlango."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ukaguzi wa nyumba. Siku hizi kijana anauza bima kwa simu huku anakula chapati hotelini. Wakati wetu, kabla ya kumwandikia mtu mkataba, ulienda kukanyaga kiwanja chake kwa mguu wako. Bima ya kawaida ya nyumba ilikuwa ya moto. Mafuriko yalikuwa kifungu cha nyongeza: mwenye nyumba aliongeza kidogo kwenye premiamu, yaani malipo yake ya kila mwaka, na kampuni ikaahidi kumlipa fidia maji yakimharibia. Karibu wote walikikataa kifungu hicho. Mafuriko, walisema, ni ya watu wa chini, huko tambarare za Kano. Sisi tuko milimani.

Dereva wetu, Okoth, alikuwa mzaliwa wa huko huko chini, na maneno hayo yalimchekesha sana.

"Nyinyi watu wa chai," alikuwa akiwaambia wateja, "mnadhani yale maji yanayotuzamisha yanatoka wapi? Si ni nyinyi mnatutumia!"

"Na tukiwatumia, kwetu si yanapita tu?"

"Yanapita, ndiyo. Omba yasipitie sebuleni."

Mimi nilijifunza kuisoma ardhi kuliko mkaguzi yeyote wa tawi lile. Kwanza niliuliza maji ya barabara yanaelekea wapi yakitoka kwenye kalvati, lile bomba linalopita chini ya barabara. Kisha nilitazama juu, si chini, nione kama mwenye shamba la juu amekata miti au ameziba mitaro yake, kwa sababu mvua ikinyesha mlima mzima unakuwa wako. Halafu niliuliza nduma, yaani magimbi, zinamea wapi. Mahali nduma zinanenepa bila kumwagiliwa, maji yana makao hapo, hata kama yamesafiri kwa miaka kadhaa. Wazee wetu walijenga juu mteremkoni. Sisi tuliofuata ndio tuliteremka na nyumba zetu kutafuta barabara.

Mmoja wa walioteremka alikuwa Mama Chelangat, mjane mwenye shamba dogo la chai katika bonde moja nje ya Kapsoit. Baada ya mume kufa alihama boma la wakwe zake, akajenga nyumba ya mawe kwa bonasi ya chai, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, mwaka mwingine mabati. Shemeji yake alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba mvua mbili zitamrudisha nyumbani. Nyuma ya jikoni lake nduma zilikuwa na majani mapana kama mwavuli.

"Mama," nikamwambia, "hapa maji yatakuja."

"Na nimeshajenga, mwanangu. Niibebe nyumba kichwani?"

"Nyumba haibebeki. Hasara ndiyo inabebeka. Tukiibeba wengi pamoja, haimvunji mtu mmoja shingo."

Aliongeza kifungu cha mafuriko. Majirani wakamcheka, wakisema kijana wa Boito amemuuzia mtumbwi.

Mwisho wa mwaka wa 1997 zikaja mvua za El Nino. Juu ya bonde lile kalvati iliziba kwa matawi na udongo, maji yakaacha mkondo, yakakata katikati ya chai na kuingia kwa Mama Chelangat mpaka kiunoni. Yalipotoka, nyufa zilikuwa zimepanda kwenye kona ya nyumba na sakafu imetitia. Bila fidia, ilikuwa ni kurudi kwa shemeji.

Makao makuu yalimtuma Mkadiriaji wa Hasara kutoka Nairobi, yaani mtu anayepima kilichoharibika na kusema kama mkataba unakigusa. Barabara zilikuwa zimekatika, akachelewa. Habari kwamba mgeni wa bima anakuja zikafika kanisani. Basi kina mama wote wa kanisa wakaamka na kazi. Walikokota matope, wakasugua sakafu, wakapaka kuta chokaa mpya, wakafua vitambaa vya viti, wakaziba nyufa na kusawazisha sakafu kwa saruji. Tulipofika, nyumba ilikuwa inameremeta. Mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, ilitungojea mezani.

Mkadiriaji alitembea chumba kwa chumba. "Mafuriko yako wapi?"

"Tumeyatoa," Mama Chelangat akasema kwa fahari.

"Mama, mimi naona nyumba safi. Labda paa lilivuja kidogo. Paa kuvuja hakumo kwenye mkataba."

"Ulitaka nikukaribishe kwenye matope? Watu wangesema nini?"

"Na chai huko nje ina matope mpaka juu!" jirani mmoja akadakia.

"Shamba si nyumba. Bima ni ya nyumba." Akafunga kalamu yake.

Mama Chelangat alikaa polepole kwenye kiti chake kilichofuliwa. Sasa ndipo alipoelewa kwamba ameuosha ushahidi wake. Kina mama wa kanisa walitazama mikono yao iliyochubuka kwa saruji.

Nikaomba bisibisi. Niliwahi kufagia maofisi, na mfagiaji hujua mahali kitambaa hakifiki. Nilipiga magoti kwenye mlango wa mbele, nikafungua skrubu za kitasa, nikakichomoa kutoka ndani ya ubao. Kilikuwa kimeshiba tope jekundu, na katikati ya tope limebanwa jani la chai.

Nikaenda mlango wa chumba cha kulala, tope kwa kimo kile kile. Mlango wa stoo, vivyo hivyo. Kisha nikafungua kitasa cha kabati kilichokuwa juu, usawa wa bega. Kikavu, hata grisi ya dukani imo.

"Bwana," nikamwambia Mkadiriaji, "paa likivuja, maji hushuka. Haya yalipanda, yakakoma hapa. Na juu ya paa hakumei chai."

Akainua kitasa kwenye mwanga wa dirisha, akakipiga picha. "Hii umefundishwa wapi? Kwenye diploma?"

"Kwenye ufagio."

Okoth alicheka mpaka akatoka nje.

Fidia ililipwa. Meneja wa Tawi hakunipongeza kwa maneno, hakuwa mtu wa hayo, lakini mwaka uliofuata nilipelekwa Bomet kuongoza ofisi, na baadaye nikarudi Kericho kukalia kiti chake. Kote huko niliwafundisha makarani kwamba mteja akilia mafuriko, neno la kwanza ni pole, na la pili ni: acha ukuta mmoja bila kuosha. Watu walilalamika kwamba bima inafundisha uchafu. Wakazoea.

Nimestaafu sasa. Ninaikumbuka harufu ya gambuti zile na mlio wa gari letu likipanda mteremko wa Kapsoit kwenye utelezi. Wiki niliyokabidhi ofisi nilimtembelea Mama Chelangat. Kwa ile fidia alihamisha mawe, mabati na milango yake, akajenga upya juu mteremkoni, mbali na nduma. Hakurudi kwa shemeji. Sakafu yake ungeweza kulia ugali juu yake.

Nilipotaka kuufunga mlango nyuma yangu, ufunguo haukuzunguka. Mlango ulikuwa ule ule wa zamani, kitasa chake kimerudishwa na tope lake, na sasa unafungwa kwa komeo la mti.

"Mama, bado hujasafisha kitasa hiki?"

"Kila kitu humu naosha," akasema. "Hicho mtu asikiguse."

Diploma yangu iko sebuleni, kioo chake hakina vumbi. Lakini anayetaka kuiona kazi yangu na apande Kapsoit, abishe hodi kwenye mlango usiofungwa kwa ufunguo.