Nilikula Chaki ya Madame

Mwaka ule chaki ziliisha shuleni kwetu Shituru, na hakuna aliyetuambia zitarudi lini. Madame wetu wa darasa la sita hakungoja. Alileta muhogo mkavu kutoka nyumbani kwake, ule wa kutwanga unga wa bukari, ugali wetu, akaukata vipande, na jamani, uliandika vizuri kuliko hata chaki za serikali. Kuvitunza vipande hivyo ilikuwa kazi yangu. Niliringa nayo, msiniulize.

Siku moja alitutangazia kwamba kesho yake inspekta angekuja kumsikiliza akifundisha. Tulijua maana yake. Walimu wengine walikuwa wameshaacha kazi, wengine wako Kambove wanachimba mawe ya madini. Kama inspekta angeandika vibaya, Madame naye angeondolewa, na sisi tungefika kwenye mtihani wa mwisho bila mwalimu. Alinikabidhi vipande vitatu, akaniambia nivilinde.

Nyumbani tulikuwa hatujala tangu mchana. Kiwanda alikofanya kazi baba kilikuwa kimelala, na mama alirudi kutoka sokoni mikono mitupu. Asubuhi, njiani, nilitia kipande kimoja mdomoni nikijidanganya kwamba naonja tu. Kufika getini, vyote vitatu viko tumboni.

Niliketi darasani nikitafuta uongo wa kusema. Nilifikiria kusingizia panya. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Inspekta akaingia, tukasimama kumsalimu kwa sauti moja, mimi midomo tu ndiyo ilicheza. Alikaa nyuma, karibu na dirisha, akafungua daftari. Madame akaninyooshea mkono bila hata kunitazama, kwa vile aliniamini. Mkono ule ndio ulionishinda.

"Madame, haiko. Minye njo nilikula."

Darasa zima lilicheka. Inspekta hakucheka. Aliandika kitu, nami nikaona basi, nimemfukuzisha mwalimu wangu. Madame akatuambia tutoke wote nje. Alichukua kijiti, akaandika hesabu zake kwenye udongo mwekundu wa uwanja, akaniita mimi wa kwanza. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumaliza hesabu mbele za watu! Kijiti kikachora ovyo. Nikafuta kwa mguu, nikaanza upya, nikapata. Wenzangu wakafuata mmoja mmoja. Inspekta alituzunguka na viatu vyake vimejaa vumbi, halafu akaenda zake bila kusema kama ameridhika au vipi.

Wenzangu walipoondoka, Madame alinibakiza. Nilijiandaa kwa fimbo, hata viganja nilishavikunjua. Aliniuliza tu nilikula lini mara ya mwisho kabla ya chaki zake. Nikamwambia ukweli. Alikasirika, niliona usoni, lakini hakunikasirikia mimi. Hilo nililielewa hata kwa utoto wangu, na nikampenda sana.

"Kesho nitaleta vipande ine," alisema. "Mbili ya kuandika. Mbili ya kula."

Alileta kweli, kesho yake na siku zote zilizofuata mpaka mtihani, kwani hawakumwondoa. Nyumbani kwake kulikuwa na watoto watano. Nilijua, na bado nilikula.