Maini Kwanza, Salamu Baadaye

Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kugonga meza, Mama Bado ameinama juu ya beseni. Anageuza maini ya swala kwenye mwanga wa dirisha, anayakata vipande vyembamba, anatafuta madoa na minyoo. Swala mwenyewe yuko nje kwenye turubai. Haingii jikoni mpaka maini yake yapite.

Mama huyu hupika nyamapori ya wawindaji wenye kibali, katika kibanda cha bati nyuma ya gereji. Kisu chenye kitambaa chekundu ni cha nyama mbichi, chenye cheupe ni cha iliyoiva. Ole wake atakayevichanganya.

Jina amebandikwa na wateja. Wakiuliza kama nyama iko tayari, jibu ni hilohilo: "Bado."

"Mama, tutazeeka hapa!" analalama fundi mmoja.

"Zeeka, mwanangu. Wenye haraka hawazeeki."

Nyama ikiwa na wekundu karibu na mfupa, inarudi sufuriani.

Mzigo huletwa na shemeji yake, mume wa dada yake. Mwaka jana, siku ya mshahara pale gereji, alileta pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mnene lakini hana maini.

"Maini yako wapi, shemeji?"

"Tumeyachoma porini na mwenzangu. Njaa haina adabu."

"Na huyu, alikimbia?"

Shemeji akacheka. "Hata hakutusumbua. Alisimama tu, kama anatungoja."

Mama Bado hakucheka. Aliona kidole gumba cha shemeji kimefungwa kitambaa; alikuwa amejikata akichuna. Akakataa mzigo, akampigia simu daktari wa mifugo.

"Unanivunjia heshima mbele za watu?" shemeji alifoka. "Si uchemshe sana tu!"

"Mnyama mzima hamngoji mwenye bunduki. Moto unaivisha nyama, haumponyi mgonjwa. Na wewe nenda hospitali, sasa hivi."

Alikwenda akinung'unika, yeye na mwenzake. Siku hiyo sufuria lilipika maharage, na nusu ya wateja wakahamia kwa jirani. Dada mtu alinuna, hakupokea simu.

Kidole kilivimba, kikatoa kidonda cheusi. Majibu ya vipimo yalipokuja, yalisema kimeta, ugonjwa wa wanyama unaoua hata watu. Mzoga wa pofu ulikuwa umeshateketezwa. Daktari wa hospitali alimwambia shemeji kuwa dawa alizoanza siku ileile ndizo zilizomwokoa.

"Dada alikuja na kanga mpya," anasema Mama Bado, akisuuza kisu chekundu. "Akanifunga kiunoni yeye mwenyewe."

Anachotaka sasa ni sakafu ya saruji na bomba la maji pale nje, ili kila mwindaji afungue mzigo wake na aonyeshe viungo vya ndani kabla ya kuvuka kizingiti.

Shemeji ndiye aliyeleta swala wa leo. Alitanguliza mfuko wa maini, salamu ikafuata. Amekaa mlangoni, kovu la kidole likionekana.

"Yamepita, shemeji?"

Mama Bado anageuza kipande kimoja tena kwenye mwanga.

"Bado."