Karani wa Malalamiko ya Kadi

Karani wa malalamiko ya kadi, pale benki ya mji wa Skellefteå, Uswidi, ana sauti laini na kikohozi kidogo mwishoni mwa kila sentensi. Huwaonya wazee wasipokee simu kwa kutaja majina yao, matapeli wasije wakanasa sauti zao na kuziiga, halafu simu yake ikilia, hutaja lake. Leo Bibi Gunvor alikuja kukana makato kwenye kadi yake, baada ya kulaghaiwa kwa simu anunue vitamini. Alipomsikia karani, akarudisha kiti nyuma.

"We mwanangu, si ndo wewe uliyenipigia? Hata kikohozi ni hicho hicho!"

"Bibi, usinitanie. Mimi sijawahi kumpigia mtu."

Simu ya mezani ikalia. Kwa mara ya kwanza karani akaipokea kimya, midomo kaifumba kabisa. Ndani ya simu, Bibi Gunvor akasikia sauti ile ile laini ikitaja jina la karani, kisha ikakohoa kidogo.