Mama Tamka na Mtihani wa Mkondo C

Shule ile ya kati ya serikali ilikuwa na mikondo mitatu, na hakuna asiyejua ilivyogawanywa: A ni watoto wa maofisa, B ni wa wenye maduka, C ni wa wapagazi, wafagiaji na watu waliohamia mjini majuzi. Mwalimu mkuu aliapa kwamba wanafunzi hupangwa kwa alama tu. Basi alama nazo zina macho, maana hazikukosea nyumba hata siku moja.

Hesabu za C zilifundishwa na mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanafunzi walimwita Mama Tamka. Wengi wao nyumbani walisema lugha nyingine, na walipofika shuleni walitulia kama maji mtungini. Akawawekea sharti: hakuna kuandika jibu ambalo hujalitamka. Walimu wenzake wakamcheka, wakasema amegeuza darasa soko.

"Sokoni ndiko watu wanakojua hesabu," akawajibu.

Mwaka huo mwalimu mkuu alichoshwa na wastani wa shule unaoshuka. C wasipofikisha nusu ya alama za hesabu, alisema, mkondo utavunjwa na watoto watapelekwa shule ya upande wa pili wa mji. Kwa mtoto anayekwenda kwa miguu, huko ni sawa na kuambiwa aache shule. Mama Tamka alikonda, yeye ambaye hakuwahi kukonda.

Siku ya mtihani, msimamizi kutoka shule nyingine aligawa karatasi, na papo hapo chumba kizima kikaanza kunong'ona. Maskini, akadhani wanapeana majibu! Akazikusanya karatasi, akatangaza kwamba mtihani umefutwa. Mwalimu mkuu akafika, na Mama Tamka akaitwa mbio. Njiani alijilaani: amewafundisha kusema, akasahau kuwafundisha kunyamaza.

"Hawaibi, mwenzangu," akamwambia msimamizi. "Kila mmoja anaongea na nafsi yake. Ndivyo nilivyowazoesha."

"Na mimi nitajuaje, mama? Sheria inataka wasisikizane."

"Basi watawanye wasisikizane. Uwanja wote ule ni wa nini?"

Msimamizi akautazama uwanja, akamtazama mwalimu mkuu, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake. Mwishowe akakubali, ila Mama Tamka asionekane wala asisikike.

Madawati yakatolewa, yakatapakazwa hadi ukutani, karatasi zikarudishwa. Mama Tamka akajifungia katika choo cha walimu. Kumbe nje ya tundu la hewa la choo kile liliwekwa dawati la binti wa mfagiaji, aliyemaliza muhula wake wa kwanza bila kufungua kinywa.

C walivuka, kwa taabu, na mkondo ukabaki. Lakini Mama Tamka ukimuuliza hakusimulii matokeo. Atakueleza jinsi alivyomsikia yule binti akisema, "Saba mara nane, hamsini na nne," na jinsi yeye, mwalimu mzima, alivyouma ncha ya mtandio wake, maana neno lake moja lingewaponza wote. Kalamu ikaandika. Kisha ikasimama.

"Hapana," binti akajiambia, kama mtu anayemrudi mdogo wake. "Hamsini na sita."

Mle chooni Mama Tamka akalia kama mtoto, bila sauti.